Gazeti la Mama na Kisima cha Kinyangiri

Gazeti letu la Singida mjini lilianzishwa na mwalimu mstaafu aliyechoka kusikia majina ya vijiji vyake yakikosewa redioni. Alipofariki, watu walidhani limekufa naye. Mjane wake, mshonaji wa sare za shule, alisogeza cherehani ukutani, akaweka kompyuta, akaniajiri niandike. Wote tulimwita Mama, hata Mhindi aliyetuchapia, ambaye kwa umri alimzidi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Kinyangiri kuandika habari za kisima kipya. Nikakuta pampu imekauka na kina mama wamerudi kufukua mchanga mtoni. Aliyekichimba alikuwa mdogo wake Mama, wa toka nitoke. Nilirudi ofisini nikiwa mzito.

"Shikamoo Mama. Habari ya Kinyangiri ninayo, ila inamgusa mjomba."

"Marahaba. Inamgusaje?"

Nikamweleza. Akaendelea kukata nyuzi kwenye kola aliyoishika.

"Yeye mwenyewe umemuuliza?"

"Bado."

"Kamuulize. Kisha andika alichosema na ulichokiona."

Mjomba hakunificha. Alisema alifika kwenye mwamba, mashine ikamshinda, akaishia hapo kwa sababu siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa. Nikaandika hivyo hivyo. Mama akaiweka ukurasa wa mbele.

Gazeti lilipotoka, mjomba alikuja asubuhi, akasimama mlangoni.

"Dada, umenianika."

"Nimeandika habari za watu wa Kinyangiri. Wewe umo kwa sababu ulikuwepo. Karibu chai."

Hakunywa. Miezi kadhaa hakukanyaga pale, na kwenye harusi ya binti wa Mama kiti chake kilibaki kitupu. Siku ile nilimwona Mama akikitazama mara nyingi, lakini hakuwahi kuniambia kwamba anajuta.

Kiangazi kilichofuata mjomba alipeleka Kinyangiri mashine kubwa zaidi, akapasua mwamba, maji yakatoka. Nilitaka habari hiyo nayo ikae mbele. Mama akaipeleka ukurasa wa ndani, chini kabisa.

"Hiyo ndiyo kazi aliyotakiwa kuifanya tangu mwanzo," alisema. Ila jioni alimpigia simu, wakaongea Kinyiramba mpaka nikafunga ofisi.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alitaka kulinunua gazeti. Mama alituita sisi watatu: mimi, mpangaji wa kurasa, na dada anayelisambaza hadi Manyoni na Itigi.

"Huyu bwana hana ubaya," alisema. "Lakini ana mabasi, ana mashamba, ana marafiki wengi. Siku wakikosea, nani ataandika?"

Akaliandikisha kwa majina yetu sisi watatu.

Kabla ya toleo letu la kwanza kwenda kwa mchapaji nilimpelekea kurasa azipitie, kama nilivyozoea. Hakuzipokea.

"Mimi sasa ni msomaji," alisema. "Nitalisoma likitoka, kama wenzangu."