Turbo Ukweni

Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi, na baba yangu kule Iringa alikuwa hajaamua kama anampenda mkwe wake, pale mume wangu alipoazimia kufunga turbo kwenye gari lake. Lilikuwa gari la spoti, jeusi, la milango miwili, lililolala chini kiasi kwamba mama alipolipanda mara ya kwanza aliuliza kama amekalishwa barabarani. Injini yake ilitoka kiwandani bila turbo. Mbeya tulikoishi, ambako hewa ni nyepesi, ilipanda milima ikihema kama mtu aliyebeba gunia la viazi.

Niseme ukweli, niliipenda ndoto ile kabla sijaielewa. Jioni alikaa kibarazani na blanketi mabegani, akinieleza jinsi moshi wa injini utakavyozungusha kifeni, na kifeni kitakavyoisukumia injini hewa ambayo milima yetu inainyima. Ukungu ulikuwa ukishuka, nami nikisinzia, nikiliona gari likipanda bila kugusa lami.

Fundi wa Mwanjelwa, hapo Mbeya, alitufungia turbo iliyotoka kwenye gari jingine, akaipunguza nguvu makusudi. Kisha akatupa masharti.

“Hii injini haikuzaliwa na huu mzigo, bosi. Ukiihurumia itadumu. Oili badilisha mapema. Na ukitoka kupanda mlima usizime hapohapo. Iache iungurume kwanza mpaka turbo ipoe. Ukiizima ya moto, oili inaungulia humo ndani, siku moja inakwama.”

Sharti rahisi, kwa mtu asiye na wakwe.

Safari ya kwanza kwenda kwetu naikumbuka kama usingizi wa alfajiri. Chini ya boneti kulikuwa na mluzi mwembamba uliopanda kila alipokanyaga mafuta. Misonobari ya Mafinga ilipita pande zote mbili, mistari mirefu ya kivuli na mwanga, na mume wangu alitabasamu tu. Mlima wa Ipogolo tuliupanda kama vile umelazwa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ile tena ndani ya gari.

Baba alikuwa getini, amevaa koti lake la kanisani. Sasa, kwetu mtu hamsalimii mkubwa huku injini inaunguruma. Unazima, unashuka, unainama kidogo, unapokea “Kamwene” yako na kuulizwa habari za kila aliye hai. Mume wangu akabaki kwenye kiti, injini inaunguruma, amenyanyua viganja viwili kuomba subira. Mama alikuwa anakuja mbio akijifuta mikono kwenye kanga. Akasimama, akageuka, akarudi ndani.

Baba akainama dirishani kwangu. “Mwanangu, mumeo anaumwa, au ndiyo salamu za kwao?”

“Baba, anasubiri oili ipoe.”

“Oili kwanza, halafu mimi.”

Mume wangu alifiwa na baba yake akiwa mdogo mno, na neno “baba” alilitamka kwa kiu. Siku ile mezani nilimwona anavyokata ugali bila kuula, nikaumia. Nilijua anataka nini katika nyumba ile, na nilijua turbo haitamsaidia kukipata.

Safari zilizofuata alijaribu ujanja. Alisimama chini kidogo ya kwetu, gari lipoe kabla ya kufika. Lakini mtaa mzima ulishajua yule ni mkwe wa nani. Shangazi anatoka sokoni na kikapu chake, huyo dirishani. Jirani na jembe begani, huyo. Mzee wa kanisa naye. Kila mmoja anataka salamu yake kamili, injini imezimwa, na kila mmoja ni mkwe. Mume wangu akaacha kuhangaika. Akawa anafika moja kwa moja getini, anazima, anashuka, anainama. Mimi nilibaki nyuma nikisikia vyuma vya moto vikilia ti, ti, ti chini ya boneti, huku baba ameushika mkono wake hauachii.

“Sasa huyu ni mtu,” baba alisema.

Turbo ilikufa tukirudi Mbeya, tukiwa tumeshaiacha Igawa nyuma. Mluzi ukageuka mkwaruzo, kisha moshi wa bluu ukajaa nyuma yetu mpaka barabara ikapotea. Lori lilituvuta hadi gereji. Fundi alipoifungua, ndani kulikuwa na ukoko mweusi, kama wa sufuria ya wali ulioungua.

“Nani alikuwa anaizima ya moto?”

“Mimi,” mume wangu alisema.

“Si nilikwambia?”

“Uliniambia.”

Basi. Hakumtaja baba, hakuutaja mtaa wetu, wala hakunitazama mimi. Nilisimama penye mlango wa gereji nikampenda.

Injini ilipona, turbo ikatolewa, hakufunga nyingine. Siku hizi Ipogolo tunaupanda kwa gia ya pili, malori yanatupigia honi. Baba anamsifu mkwe wake mbele ya kanisa zima kwa adabu. Kisha hunivuta pembeni, ananong'ona kwa huruma ya kweli:

“Kijana wa watu ana moyo mzuri sana. Ila magari, mwanangu, hayawezi. Mwambie ayatunze.”

Nami humwitikia baba, kwa sababu mume wangu aliniomba nisimwambie kilichoiua turbo.