Mtoto wa Udongo, Sehemu ya Pili

Nyumba ya fundi makochi ina mahali pa kukalisha ukoo mzima, na anayekaa ni yeye peke yake. Makochi ya watu yamejaa mpaka mlangoni. Lile limechanika mgongo, hili limezama katikati utadhani lilikaliwa na tembo, lile linangoja kitambaa tangu lini sijui. La kwake hana. Anakaa kwenye kochi la mteja, analala kwenye kochi la mteja, na mwenyewe akija kulichukua, fundi anakung'uta makombo, anahamia lingine.

Mikono anayo. Mdomo ndio tatizo. Si mwongo wa kuibia watu, hapana, ni mwongo wa woga. Ukimuuliza kochi langu limefika wapi, atakwambia limebaki kupigwa misumari tu. Kumbe hata kulifumua hajalifumua.

Mke alimkimbia, binti yao akiwa hajaota meno ya pili, na ukimjua fundi huwezi kumshangaa mke. Lakini binti alimlea, hilo apewe. Alimsuka nywele vibaya, kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi, lakini alimsuka. Na jioni, nyundo ikiwekwa chini, baba na binti walijibanza kwenye kochi moja wakacheza gemu.

Usicheke. Wapo wazee wenye mvi wanaolilia mpira. Gemu hiyo ilikuwa ya mtoto wa udongo. Katoto kadogo, kamefinyangwa kwa mkono, na adui yake ni mvua: kakinyeshewa kanayeyuka. Kanatembea na korongo mzee anayekafunika kwa bawa. Hawasemi neno hata moja. Wanapita mabonde, wanapita miji iliyohamwa, na kila mara korongo akimkinga mtoto, unyoya unamdondoka. Mwisho manyoya yanakwisha. Siku korongo alipojilaza, binti alilia mpaka kamasi, na fundi akasema ameingiwa na vumbi la sponji machoni.

Walikuwa wamegawana kazi, wakipokezana pedi ya kuchezea. Fundi alipiga manyigu yaliyomvamia mtoto, binti alikimbia na kuruka. Kwenye kuruka fundi alikuwa gunia. "Lete pedi, Baba, utatuua!" "Haya chukua, lakini manyigu yakija unirudishie!" Hivyo hivyo mpaka mwisho, pedi moja, watu wawili.

Basi binti akakua, akapata kazi mji mwingine kwenye kiwanda cha mikate, akapata na mchumba. Siku ya harusi baba mtu hakwenda. Alijua mama wa binti atakaa mbele na mume wake mpya, suti na miwani, na yeye hakutaka kuonekana pembeni kama kiti cha kukodi. Angesema hivyo, angeeleweka. Akatuma ujumbe: ana homa kali, hawezi hata kusimama. Mchana huohuo alionekana barabarani amebeba bunda la sponji kichwani, anapiga mluzi. Waliomwona walikuwa wanakwenda harusini.

Binti hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Tangu hapo akipiga simu ni: "Habari za huko, Baba?" "Njema." "Haya, basi." Kama mtu anayelipa bili ya maji.

Mwaka ukapita. Siku moja fundi akipita dukani kwa muuza gemu akaona picha mlangoni: mtoto wa udongo, ameshakua, mwili una nyufa, amesimama kwenye bonde la maua. Sehemu ya pili. Fundi akasimama pale mpaka mwenye duka akatoka.

"Unamnunulia mjukuu, mzee?"

"Ndiyo," akasema fundi. Mjukuu wapi.

Akaiweka kwenye mashine ya gemu Jumapili asubuhi. Nzuri, jamani. Mtoto wa udongo anarudi nyumbani kwa njia ileile waliyokuja, na kila mahali ulipodondoka unyoya, pameota maua meupe. Akipita, maua yanainama. Hakuna anayekwambia hiki ni nini, hapa ilikuwaje. Unajua mwenyewe, kwa sababu ulikuwepo. Fundi alikaa na sindano ya kushonea kochi mdomoni, hakukumbuka hata kuitoa.

Kisha akafika kwenye maporomoko ya maji. Pale unaruka kutoka jiwe hadi jiwe, matone yanadondoka, na ukikosea kidogo mtoto anayeyuka mbele ya macho yako. Fundi alimyeyusha asubuhi, akamyeyusha mchana, akamyeyusha wiki nzima.

Dada yake, muuza mayai, alikuja kuulizia kochi lake akamkuta hapohapo.

"Kochi langu?"

"Limebaki misumari tu."

"Misumari ya jeneza! Lile pale, limelala tumbo wazi." Akaangalia tivii. "Na hako kauchafu kanakufa kila saa kana nini?"

"Hakajui kuruka."

"Wewe ndiye hujui kuruka. Mpe mtu akurukie."

"Hapana. Anayeruka yupo."

"Yupo wapi? Mbona simwoni?" Fundi akatupa jicho kwenye simu. Dada mtu akaelewa, akakaa kwenye mkono wa kochi. "Kaka, simu unayo. Mpigie. Na ukimpigia, usianze kudanganya."

Akaondoka bila kochi, akisonya.

Jumapili iliyofuata fundi akapiga. Simu akaiweka juu ya kochi, sauti wazi, pedi mkononi.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana. Ile gemu yetu. Imetoka ya pili."

"Najua. Nimeshaimaliza."

Hilo lilimchoma. Hakuuliza alicheza na nani. "Mimi nimekwama. Kwenye maporomoko."

"Ah, pale!" Na binti akacheka, kicheko chake cha zamani kabisa, ambacho fundi alikuwa hajakisikia tangu kabla ya harusi. "Pale lazima umekufa mpaka umechoka. Sikiliza. Usiangalie mtoto, angalia matone. Tone likigusa jiwe, ndipo ruka. Usikurupuke kama kawaida yako."

"Sikurupuki."

"Unakurupuka, Baba. Haya, ruka. Subiri. Ruka. Umekufa?"

"Nimekufa."

"Gunia wewe! Anza tena."

Wakaenda hivyo, ruka, subiri, huku binti akimtukana kwa mapenzi, na fundi jasho linamtoka, anacheka. Jiwe hili, jiwe lile, na mtoto wa udongo akatua ng'ambo, mkavu.

Na hapo ndipo fundi alipoharibu. Aliona kwamba ameshavuka, na aliyevuka hana tena la kuuliza.

"Nimekufa tena," akasema. "Nielekeze upya."

Kwenye tivii, ukishavuka maporomoko, inaanza sauti ya mwanamke anayeimba bila maneno, na filimbi nyuma yake. Haisikiki mahali pengine popote kwenye gemu nzima. Ilikuwa inaimba pale, wazi, na simu iko karibu.

"Baba. Umeshavuka. Nausikia wimbo."

Fundi akaiweka pedi mapajani.

"Ni mzuri, sivyo?" akasema binti, taratibu. "Niliposikia nilikukumbuka." Wimbo ukaendelea. "Baba, nikuulize. Siku ya harusi yangu, ulikuwa na homa kweli?"

Mlango ndio huo, umefunguliwa mpaka mwisho, na aliyeufungua ni mwenye kudai. Kilichotakiwa ni neno moja. Binti yule angelia, angefoka, na wiki ya pili angekuja na mikate. Fundi alikuwa nalo neno hilo ulimini.

"Kali sana, mwanangu," akasema. "Hata kusimama sikuweza."

Wimbo ukafika mwisho.

"Haya," akasema binti. "Ugua pole, Baba."

Akakata. Fundi alipopiga tena, iliita mpaka ikachoka.

Tangu siku hiyo hajaigusa pedi, na mashine hajaizima. Mtoto wa udongo usipomgusa hukaa chini mwenyewe, kidole mchangani, anachora. Yuko ng'ambo ya maji mpaka leo. Wateja wakiingia wanauliza mbona tivii iko vilevile, naye anasema ni picha tu, gemu ameshaimaliza zamani. Muulize imeishaje. Atakwambia imeisha vizuri.