Kamba ya Ndala

Fundi cherehani huyu watu walimwita Bi Mashaka, na jina lilimkaa. Aliogopa maji tangu utotoni; hata ndoo ikijaa mno aliitazama kwa jicho la pembeni. Wakimtania alijibu kwamba kwa shujaa huenda kilio na kwa mwoga huenda kicheko, kisha akaendelea kushona. Sasa mtu wa namna hii alifuata nini kwenye kikundi cha kupanda mikoko? Alimfuata wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mtu pekee aliyebaki naye nyumbani. Wifi akiwa topeni, cherehani ilikuwa haikaliki.

Basi wakampa kazi ya nchi kavu: kulinda ndala. Anayeingia topeni huzivua na kuzitundika kwenye kamba. Akitoka huchukua zake. Kamba ikibaki tupu, wote wametoka, na maji yajae yatakavyo. Ndala zote zilikuwa za bluu, zimegawiwa na kikundi.

Siku hiyo walipanda miche tangu asubuhi. Kabla ya saa saba mchana maji yalianza kujaa, na kiongozi wao, nesi mstaafu, akapiga filimbi. Watu wakatoka na matope hadi mapajani, wakachukua ndala, wakapanda mlima kwenda bombani kunawa. Bi Mashaka akatazama kamba: tupu. Lakini hakuwa amemwona wifi yake akipita.

"Nesi, umemwona wifi yangu?"

"Si ametangulia? Kamba si tupu hiyo?"

"Hajanipita hapa."

"Atakupitaje na wewe umefumba macho kwa kuogopa mawimbi?"

Wenzake wakacheka. Hawakuwa na kosa sana. Mwezi uliopita aliwarudisha wote mbio kwa sababu ya gogo lililoelea. Wakaendelea na safari yao, na yeye akabaki. Aliita mara tatu. Kutoka nyuma ya mikoko mikubwa ikaja sauti nyembamba: "Wifi..."

Miguu ilikataa. Sisemi alisita, nasema miguu ilikataa kabisa. Maji yalikuwa yameshafunika mashimo ya kaa. Aliwapigia kelele wale wa juu mpaka koo likamkauka. Mmoja akampungia mkono tu, wengine hawakugeuka.

Akachukua ubao wa kubebea miche, akaingia. Maji yakafika magotini, kisha kiunoni. Alikuwa analia waziwazi, bila haya. Alimkuta wifi yake amezama topeni hadi mapajani, maji yamemfika kifuani, amekumbatia mizizi.

"Rudi, wifi. Utanasa na wewe."

"Nyamaza. Lalia ubao."

Akavuta. Tope halikuachia. Akavuta tena, na maji yakafika mabegani kwa wifi. Akaendelea kuvuta huku akiomba kwa sauti.

Huko juu nesi aligeuka, akaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: Bi Mashaka ndani ya maji. Hakuuliza. Alipiga filimbi, akateremka mbio, na wote wakamfuata. Watu sita walivuta pamoja, na wifi akatoka maji yakiwa kidevuni.

Bombani ndipo ilipojulikana. Muuza mkaa, mmoja wa wapandaji, alikuja peku asubuhi kwa sababu ndala zake zilikuwa zimekatika. Wakati wa kutoka akaona jozi kwenye kamba, akadhani ni za akiba, akazivaa. Sasa alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi. Walizoea kuhesabu ndala, hakuna aliyewahi kuhesabu vichwa, na nesi hakujua amlaumu nani zaidi ya nafsi yake.

Wifi alitetemeka ndani ya khanga mbili, meno yakigongana.

"Kamba ilikuwa tupu," alisema. "Ulijuaje kama nimebaki, hata ukaniita?"

"Sikujua, wifi yangu. Niliogopa tu."