Mimi ndiye yule mwanamke wa Malindi aliyetia tembo kwenye mkate wa mavyaa wake

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi nimekuwa msomaji wa kimya hapa karibu miaka mitatu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita mtu alileta uzi humu humu kuhusu mwanamke wa Malindi "aliyemlevya mama mkwe". Mkacheka. Mkalaani. Mmoja akasema nirudishwe kwetu na begi langu. Mwengine akaomba recipe.

Basi huyo mwanamke ni mimi.

Haya nitakayoandika nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Nilipokosea nitasema nimekosea. Ila na nyinyi someni hadi mwisho, maana kulaani mlilaani bila kuuliza.

Mimi ni Mgiriama wa Dabaso. Nimelelewa na Hawe, yaani bibi yangu mzaa mama. Nilimaliza form four, nikaolewa hapa Malindi na mwanamume Muislamu, nikasilimu kwa hiari yangu. Tuna mtoto mmoja, Rehema, ana miaka minne.

Mavyaa hakunitaka. Hakunitukana hata siku moja, tusimsingizie marehemu. Lakini jina langu hakulitaja. Aliniita "huyu". Mpeni huyu kiti. Huyu ashakula? Miaka miwili mimi ni huyu.

Kisha akaumwa. Tumbo. Akapasuliwa Mombasa, akarudi kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba, imebaki kitambaa tu. Kila akila kinarudi. Daktari alisema apewe chochote kitakachokubali kushuka, kisibaguliwe.

Wanawe wakapika. Supu ya kuku wa kienyeji, uji wa mtama, viazi vya kupondwa. Alikuwa anaonja kijiko kimoja, anasukuma bakuli taratibu.

"Weka hapo mwanangu, ntakula."

Hali.

Siku moja nikamsikia akimwambia Rehema, aliyekuwa anacheza pale kitandani kwake, kwamba yeye alipokuwa mdogo alipenda sana mkate wa sinia. Ule wa mchele na nazi. Hakuniambia mimi, alimwambia mtoto. Lakini masikio ninayo.

Nikaupika kwa hamira ya paketi. Ukatoka bapa, mgumu, kama ndara. Nikampelekea hivyo hivyo.

"Weka hapo, ntakula."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nyumba zetu zimetengana na uchochoro tu, na uchochoro wote niliumaliza nikijisonya mwenyewe. Ndipo nikamkumbuka Hawe.

Hawe hakuwahi kununua hamira maishani mwake. Mkate wake aliuumua kwa tembo la mnazi. Kwa nyinyi wa bara msiojua: mgema akilishusha asubuhi, tembo ni tamu, linatoa povu, halijachacha. Likikaa hadi jioni ndipo linakuwa lile la kuwapiganisha watu kule mangweni, kwenye vilabu vya mnazi. La asubuhi kwetu hata watoto tulipewa nusu kikombe. Hawe hakuliita pombe. Aliliita hamira.

Mjomba wangu ni mgema hapo Dabaso. Nikampigia simu, akanitumia chupa kwa mtu wa pikipiki, ikafika kabla jua halijakuwa kali.

Nikafanya kama Hawe. Mchele nilikuwa nimeuloweka tangu jana yake. Nikakuna nazi mbili za kwetu, nikakamua tui zito. Nikausaga mchele na tui, iliki, sukari kidogo. Kisha tembo, kikombe kimoja. Nikafunika, nikaweka juani. Kabla ya adhuhuri ulikuwa unachemka wenyewe bila moto. Sufuria nikaipaka samli, makaa kidogo chini, mengi juu ya kifuniko.

Ulitoka na vitundu kila mahali, laini, pembeni umeshika rangi. Nikaukata, nikaupanga kwenye sahani yangu ya bati yenye maua mekundu, nikavuka uchochoro.

Mavyaa alichukua kipande kimoja. Akafumba macho. Akachukua cha pili.

Kisha akauliza, "Nani kapika?"

"Mimi, mama."

"Mama Rehema," akasema. "Kesho utaniletea tena?"

Wakuu, nilikwenda jikoni kwake nikalia nimeushika ukuta.

Kwa zaidi ya miezi mitatu nilipika karibu kila siku, mjomba akinitumia chupa mpya asubuhi. Akapata mashavu. Akaanza kukaa barazani. Na sahani yangu haikurudi tupu hata mara moja, maana kwake yeye kurudisha chombo cha mtu kitupu ilikuwa aibu. Ikirudi ina ndimu. Ikirudi ina mabibo. Msimu wa maembe ulipoingia ilirudi na dodo mbili, amezichagua mwenyewe kwa kuzibonyeza na kidole gumba.

Sasa kosa langu. Lipo, sitalizunguka.

Sikumwambia.

Nilijiambia tembo lenyewe tamu, halijachacha, na moto unamaliza kila kitu. Nilijiambia daktari kasema chochote. Nilijiambia mengi. Lakini ile chupa nilikuwa naificha nyuma ya gunia la makaa. Kama niliona si vibaya, mbona nilificha? Hilo swali najiuliza hadi leo na jibu ninalo, silitaki tu.

Wifi yangu, nitamwita Zuhura, si jina lake, alikuja siku moja mchana kuomba makaa ya kuanzia moto. Nikamwambia chota. Akainama nyuma ya gunia.

Akatoka na chupa. Akaifungua, akanusa.

"Wifi, hii nini?"

Ningeweza kusema siki. Wallahi neno lilikuwa mdomoni.

"Tembo."

"Wewe unakunywa?"

"Sinywi. Ni hamira."

"Hamira ya nini?"

Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. Nikauona uso wake ukibadilika kidogo kidogo anavyohesabu siku.

"Mkate wa mama?"

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Zuhura, nakuomba, niache nimwambie mwenyewe. Leo leo hii. Nivae buibui tu twende sote."

Akajinasua. "Ushamlisha mama yangu haramu, sasa unataka na kumchekea!"

Nikamfuata mbio, kichwa wazi, uchochoro mzima watu wanatoka kutazama. Nilifika mlangoni akiwa ashasema. Alisema hivi, kwa sauti ya kufukuzia kuku:

"Mama, huyu Mgiriama amekuwa akikulisha pombe!"

Na hapa niseme, Zuhura kusema ilikuwa haki yake. Ni mamake, na ni dini yake. Simlaumu kwa kusema. Namlaumu kwa kumpigia kelele mgonjwa kitandani, na kwa ile voice note aliyoituma kwenye grupu la ukoo hata kabla sijafika pale mlangoni. Ndiyo iliyozunguka mpaka ikawafikia nyinyi. Hilo sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe.

Mavyaa hakupiga kelele. Hakunitazama. Aliomba maji.

Akasukutua, akatema kwenye beseni. Akasukutua tena. Akaomba maji mengine. Mtu anasukutua miezi mitatu, wakuu. Nilisimama pale nikamwona akiitoa mmoja mmoja.

Kisha akageukia ukutani.

Alasiri ukoo ukakaa. Shemeji, mashangazi, wote. Mume wangu katikati, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Wajua ulichofanya?" akaniuliza. Ni hilo tu alilosema siku nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyu Baba Rehema kabla hajanioa alikuwa mtu wa mangweni. Anajulikana. Alikuwa anarudi anaimba, anaanguka mlangoni kwa mamake, na mamake anamchemshia chai ya ndimu asubuhi. Hakuna ukoo uliokaa. Hakuna voice note. Alikunywa kwa lita, akaambiwa ni ujana. Mimi nilitia kikombe kwenye unga ili mamake apate kumeza, na mimi ndiye nimekuwa mchafu.

Nilimwambia hivyo mbele yao wote. Shangazi mmoja akacheka, akaziba mdomo na mtandio. Mume wangu hajaongea na mimi vizuri tangu siku hiyo.

Wakamwita maalim, mzee mpole wa mtaani. Akamwambia mavyaa kwamba yeye hakujua, basi hana dhambi, ale, mwili wake una haki juu yake. Akanigeukia mimi akasema, "Na wewe mwanangu, tubu, na umtake radhi."

Nikaingia chumbani, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi kula. Hata uji. Nitaupika hapa hapa mlangoni ukiniona."

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Nimekusamehe, Mama Rehema. Dhambi sina, maalim kasema. Lakini nikiuona mkono wako unakuja na sahani, koo langu linafunga. Hilo silitaki mimi. Linafunga lenyewe."

Hakuniita huyu. Ingekuwa nafuu kama angeniita huyu.

Nikajifunza upya. Hamira ya paketi, tui la vuguvugu, kusubiri zaidi, kuacha juani zaidi. Niliharibu mikate sijui mingapi, tulikula sisi na kuku. Hatimaye ukatoka mmoja ambao hata Hawe angeukubali. Niliifungua ile paketi mbele ya Zuhura mwenyewe, nikamwita aje anuse kila kitu, akanusa. Nikapanga vipande kwenye ile sahani yangu ya maua mekundu. Zuhura akaupeleka yeye, ili mkono wangu usionekane.

Jioni sahani ikarudi. Imeoshwa vizuri, imekaushwa.

Tupu.

Niliigeuza chini juu kama mjinga, nikitafuta hata ndimu moja.

Watoto wa nyumba ile waliniambia baadaye kwamba wao ndio walioula. Bibi aliuweka karibu na pua, akaurudisha.

Vya wanawe navyo havikushuka, kama mwanzo. Yale mashavu yakaondoka. Alifariki kabla ya maembe kwisha.

Ugonjwa ndio uliomuua, daktari alisema ulikuwa umeenea tangu zamani, na mimi nataka kuamini. Lakini alikufa na njaa. Yeye alitaka kula, na mimi nilikuwa najua kupika kile anachokitaka, na katikati yetu kulikuwa na kikombe kimoja ambacho ningekitaja siku ya kwanza. Labda angekataa. Labda ningejifunza hii hamira ya paketi tangu mapema, tukawa tumepata miezi mingine. Labda. Hiyo labda ndiyo inayonila.

Siku za matanga nilipika na wanawake wenzangu uani, pilau, kichwa chini. Ilipofika kupakua nikamnyooshea sahani mama mmoja, jirani tu, hata simjui vizuri. Hakuipokea. Alimwinamia mwenzake akamuuliza polepole, nikasikia.

"Nani kapika?"

Maneno yale yale. Mwenzake akaninyooshea mdomo. Yule mama akasema ameshiba.

Nimeacha kupeleka chakula kwa watu. Ramadhani sikutuma hata kitumbua. Ile sahani ya bati iko kabatini.

Lakini lililonifanya niandike leo si uzi wenu, ingawa uzi wenu umenikera. Ni Rehema.

Juzi nilipika uji wa maboga, maboga ya kwetu Dabaso, msimu wake ndio huu, na tui juu. Nikamwekea. Akakaa na kijiko mkononi hali.

"Mama, umetia nini?"

Miaka minne. Sijui amelisikia kwa nani. Mtaani, kwa shangazi yake, kwa watoto wenzake, sijui. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kwenda kumpasua mtu kichwa. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi.

Nikakaa chini nikamtajia. Boga. Unga wa mahindi. Tui la nazi. Sukari kijiko kimoja. Chumvi. Maji.

"Na nini tena?"

"Basi. Hakuna tena."

Akala.

Sasa ni kila mlo. Asubuhi, mchana, jioni, anauliza, na mimi namtajia vyote mpaka chumvi. Simkatazi. Mtoto wa watu anauliza jambo ambalo bibi yake angepaswa kuambiwa bila kuuliza.

Nilichojifunza mimi ni hicho tu. Unayempikia mtu, mwambie umetia nini kabla hajatia mdomoni, hata kama unampenda, hata kama unajua atakataa. Akikataa, hayo ni yake. Ukimficha, hata chakula chako kizuri kinageuka kuwa kitu alichofanyiwa.

Na nyinyi wenye kuforward sauti za watu: mgonjwa alikuwa bado anapumua sauti ile ilipoanza kuzunguka.

Nimemaliza. Wa kunitukana atukane, nimezoea. Lakini mwenye mama au mavyaa aliyewahi kususa mkono wake, halafu akaja akala tena, naomba aniambie alifanya nini. Kwangu mimi kumechelewa, ila nina mtoto anayeuliza kila siku, na nataka siku moja ale bila kuuliza.