Ufagio na Ua la Mvua

Iko siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaposhika ufagio. Nakuandikia habari yake kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka Busia, ukasema umepata vigae vyeupe vya kaburi la baba yako, na kwamba vijana watakuja navyo pamoja na saruji, wafyeke na kile kichaka cha miti pawe wazi. Ukasema, "Mama, hiyo majani ni uchafu tu, nyoka itajificha humo." Sikukujibu. Mimi si mwepesi wa maneno kwenye simu, na tangu baba yako aondoke yamepungua zaidi. Nakujibu sasa, polepole.

Nilikuwa msichana mkubwa, kule kwetu Nabuyoga, mama yangu alipofariki. Nyuma ya nyumba palikuwa na msitu mdogo wa mivule na mikuyu, uliobaki watu walipolima kote. Humo chini ya miti, mvua za kwanza zikigonga tu, lilitoka ua jekundu, mviringo kama mpira wa watoto, lenye nyuzi nyingi nyembamba. Kiangazi usingejua kama lipo. Sisi tuliliita ua la mvua. Jina la vitabuni silijui, shule niliiacha mapema. Mama hakuwa na kalenda. Akirudi na kuni akasema, "Limeamka," basi jioni hiyo anateremsha mbegu za wimbi kutoka darini.

Mvua za kwanza baada ya kumzika, niliingia msituni na jembe, nikayang'oa maua yaliyochanua, nikayapanda juu ya kaburi lake. Na kwa kuwa kwetu kaburi la mama husema tabia ya binti, nililifagia kila asubuhi, nikalisiriba kwa samadi ya ng'ombe, lisilale jani hata moja. Wapita njia walinisifu. Maua yaliponyauka nilisema yatarudi, ndiyo kawaida yake. Mvua zikarudi, ya msituni yakaamka, ya mama hayakuamka. Mwaka uliofuata vilevile. Siwezi kukueleza nilivyoumia. Nilidhani mama amenikataa.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuja kututembelea kutoka kwake Kwapa, akanikuta nafagia huku nalia. Hakunibembeleza. Aliniuliza, "Wewe unamfagilia mama yako, au unawafagilia majirani?"

Nilimwambia kaburi chafu ni aibu. Akaninyang'anya ufagio, akanishika mkono, tukaingia msituni. Akapiga magoti kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa mabovu, akafunua majani makavu taratibu kama mtu anayefunua blanketi la mtoto aliyelala.

"Weka mkono."

Nikaweka. Shambani jua lilikuwa linachoma, lakini pale palikuwa na ubaridi na unyevu kama chini ya mtungi. Nyuzi nyeupe za uyoga zilikuwa zimeyashona majani na udongo, na minyoo inajiendea zake. Katikati ya hayo ndipo ua lilikuwa limejificha, mzizi wake mnene kama kitunguu.

Shangazi akanieleza, kwa upole sasa. Mengine nimekuja kujionea mwenyewe. Mti huangusha majani, majani yakaoza yakawa chakula, na kivuli chake kikauzuia udongo usikauke. Ua likiamka, vipepeo hulijia, na chozi pia, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Baadaye hutoa matunda mekundu, ndege huyala, na mbegu zikaangukia mbali kwenye majani mengine. Kitunguu chake kina sumu. Mbuzi anakijua, hakigusi, nawe usikijaribu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi nilikuwa nimeona kile kinachoelea tu.

"Ulichukua ua," akasema shangazi, "ukaacha nyumba yake."

Tukabeba majani kwa kikapu, tukayamwaga juu ya kaburi, na kando yake tukachomeka tawi la mkuyu ili liwe mti. Jirani yetu Mama Owor, ambaye naye alikuwa amemzika mtoto wake, alipita akaniuliza kama ufagio wetu umefiwa pia. Siku nyingine alisema kuku wetu wanafagia kunishinda. Niliona haya, na asubuhi nyingi mkono uliniwasha nishike ufagio. Lakini shangazi alikuwa amenikataza, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sikudanganyi, mwanangu. Vitunguu vingi nilivyopanda pale kaburini vilikuwa vimekwisha kuoza. Ilipita miaka, mkuyu ukaanza kutoa kivuli, na mvua moja ya kwanza likatoka ua. Moja tu. Nilisema, "Limeamka," nikasikia sauti ya mama kinywani mwangu. Nikakaa chini pale pale kwenye matope.

Mama Owor alikuja kuliona. Safari hii hakutania; aliinama akayagusa majani, kisha akaenda zake. Mvua zilizofuata nilipita kwake, nikaona kaburi la mtoto wake limefunikwa majani makavu.

Baba yako alijua habari hii yote, ndiyo maana aliomba alazwe ukingoni mwa kichaka. Ukikifyeka ukaweka vigae, watu watakusifu, nami sitakulaumu, maana najua ni upendo. Lakini jua litaingia, udongo utakauka, na ua la mvua lililomo humo halitakuwa na pa kulala. Limeshatoka mara moja karibu na miguu yake. Sijui kama litatoka tena.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujaking'oa kitu kizuri, tazama kinalalia nini na kinajifunika nini, kwa sababu ukikitenga na wenzake umebaki na bua tu. Na usione aibu kuacha majani mahali pake, yawe ya mti au ya moyo. Mimi bado namlilia baba yako, na watu wananiambia imetosha sasa, nijikaze. Nawasikiliza, lakini sijifagii. Subira huvuta heri, hata kama heri yenyewe ni ua moja.

Vigae viweke jikoni kwako. Njoo mvua zikianza, mikono mitupu, tukae pale mimi na wewe tusubiri.

Mungu akufunike, mwanangu, kama miti inavyofunika kilicho chake. Akupe kivuli wakati wa jua kali, watu wa kukuzunguka, na ukilala kwa huzuni akuamshe mvua yako ikifika.