Sista Vidole na Moyo wa Nyuzi

Alizaliwa mwaka 1938, siku ya mvua kubwa, binti wa nne wa mshona nguo ambaye duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili. Kabla hajajua kusoma alikuwa akimtungia bibi yake sindano, maana macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Bibi alizoea kumwambia, "Mjukuu wangu, nipe ncha ya uzi tu, mengine nitayaona kwa vidole."

Alipotimiza miaka ishirini aliingia utawani, akatumwa kutunza maktaba ya chuo cha ualimu. Huko alijifunza mashine ya nukta nundu, ile inayoinua vinundu kwenye karatasi nene ili asiyeona asome kwa kugusa. Wanafunzi wakamwita Sista Vidole. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vya kwake, ukiacha pete ya nadhiri, vilivikwa plasta.

Mwaka 1974 alifika chuoni msichana asiyeona, aliyetaka kuwa mwalimu wa baiolojia. Sista alimwandikia kitabu kizima cha mwili wa binadamu, isipokuwa michoro. Kila alipoufikia mchoro aliuruka, akijisemea, "Asiyeona na picha, wapi na wapi? Nisije nikamtonesha kidonda." Mtihani ukaja, na swali kubwa likawa moyo: vyumba vyake na njia za damu. Msichana akaanguka. Akapewa siku arobaini arudie, la sivyo afungashe virago.

Alikwenda maktaba, akaweka kidole palipoandikwa "Tazama mchoro."

"Sista, nimetazama. Mchoro wenyewe uko wapi?"

Sista alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea huruma."

"Huruma nimeiacha tele nyumbani, Sista. Hapa nilifuata kitabu."

Hapo ndipo, ndugu wapendwa, wito wake wa kweli ulipoanza. Michoro ilikuwa themanini na saba. Aliomba nyuzi kwa baba yake, nene kwa mishipa mikubwa na nyembamba kwa midogo, akazibandika kwa gundi ya unga. Kila mchoro ulipokauka alijifunga kitambaa machoni, akaupapasa. Akipotea njia, aliubandua na kuanza upya. Moyo aliubandua mara kumi na moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mkuu wa chuo hakuuona uzito wake. "Mwanafunzi mmoja, majuzuu ishirini na sita!" alilalamika.

"Mwenye macho naye ni mmoja, Mwalimu," Sista akamjibu, "na hujawahi kumpa nusu kitabu."

Baridi yabisi ilimkaza vidole hata kijiko kikamshinda. Mama Mkuu alimsihi apumzike, naye akasema, "Nikimaliza moyo, Mama." Msichana aliisoma kila karatasi ilipokauka. Moyo aliupata siku ya thelathini na tisa.

Kesho yake, mbele ya watahini, alipitisha kidole hewani chumba kwa chumba, akiifuata damu inavyoingia na kutoka, asikosee hata kona moja. Watahini waliacha kuandika. Mmoja wao alisimama bila kujua amesimama.

Sista Vidole alifariki mwaka 2003, akiwa amewaandikia wanafunzi mia mbili na kumi. Unyevu umeharibu vitabu vingi katika maktaba ile, lakini katika moyo ule wa gundi ya unga haujabanduka uzi hata mmoja. Kanisa halijasema kama ni muujiza, nasi hatulitangulii. Karatasi ipo, nenda ukaiguse.

Chini ya mto wake ilikutwa bahasha yenye jina la yule msichana, wakati huo mwalimu mwenye mvi. Ndani yake mlikuwa na picha ya mahafali yao, watu wote wamechorwa kwa uzi, na chini yake vinundu vilivyopinda, kazi ya vidole vilivyochoka: "Wa tatu kutoka kushoto ni wewe. Unacheka."

Mwalimu yule alisoma, akapapasa, akasoma tena. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba pichani anacheka. Nasi tunaotaka kumfuata Sista tumuige hapo: tusimrukie mtu ukurasa kwa kudhani tunamhurumia.