Samadi ya Baba Yake

Waliotufundisha ualimu Kilosa hawakutuambia kwamba kuna watu ambao hawachimbi ardhi. Nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nami nimemaliza darasa la saba tu: siku nne nafundisha Masanze, siku moja nafundishwa mimi. Tulikaririshwa maandalio ya somo. Kuhusu watoto wenyewe, mkufunzi alisema, "Wote ni Watanzania, basi."

Darasani kwangu alikuwepo binti wa wafugaji, wa kwanza kusoma katika boma lao. Kwa hesabu za kichwa alinishinda hata mimi, ingawa kusoma ndiyo kwanza anaanza. Baba yake alikuja kuniomba.

"Mwalimu, kwetu kuchimba udongo ni mwiko. Majani ni ya ng'ombe. Mwanangu asishike jembe, nami nitaleta samadi ya shamba la shule."

Nikasema haya. Akaleta, magunia kwa magunia, juu ya punda.

Siku mkufunzi alipokuja kunipima ili nipewe cheti, alitukuta shambani. Watoto wengine wanalima, binti anamwaga samadi.

"Na huyu bibi harusi vipi?" Watoto wakacheka. "Nani kamruhusu?"

Mwalimu mkuu, aliyeyajua mapatano yote, akatazama viatu vyake. Mimi nikasema, "Ni mvivu tu huyo, ndugu mkufunzi."

"Mpe jembe."

Nikampa. Akaniangalia.

"Mwalimu, si ulimkubalia baba?"

"Lima!"

Akalima matuta mawili, machozi yanadondoka.

Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Baba yake hakuja kugomba. Angekuja, labda ningepata pa kujitetea. Alituma tu mtu na punda wachukue magunia matupu.

Cheti nilipata. Nimemlaumu mkufunzi miaka yote hii, na mwalimu mkuu, na wakubwa waliotukabidhi chaki kabla hatujaiva. Wanastahili. Lakini lile neno "mvivu" lilitoka kinywani mwangu, na hilo hakuna chuo kilichonifundisha.

Juzi, sokoni Mikumi, mama mmoja muuza maziwa alinisimamisha.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimjua kwa macho yale yale ya binti yule. Nikaitikia marahaba. Akafungua pindo la nguo, akatoa karatasi ya kliniki.

"Nisomee. Mtoto arudi lini?"

"Tarehe ishirini na tatu."

"Aa, bado siku kumi na sita," akasema papo hapo, akajitwika maziwa yake.

Mimi nilikuwa bado nahesabu kwa vidole.